Brashi imesema hakuna saratani, lakini CA 19-9 iko juu

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umesema mzee ana macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi na choo kimepauka. Mrija wa nyongo umekwanguliwa kwa brashi wakati wa ERCP (kamera inayopitishwa mdomoni hadi kwenye tundu la mrija huo), jibu likasema hakuna seli za saratani, ila CA 19-9, kipimo cha damu cha alama ya saratani, imepanda. Unauliza mshike lipi.

Kwa sasa msishike lolote. Brashi ikisema saratani ipo, karibu kila mara ipo. Ikisema haipo, bado hamjajibiwa: uvimbe wa mrija wa nyongo ni mgumu kama kovu, seli zake ni chache na brashi hupita juu juu. CA 19-9 nayo hupanda hata kwa nyongo kuziba tu, kwa hiyo irudiwe bilirubini (rangi ya nyongo kwenye damu, inayoleta unjano) ikishashuka. Ikibaki juu, shaka inazidi. (Wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa CA 19-9, hata uvimbe uwe mkubwa vipi.) Ombeni na kipimo cha damu cha IgG4 (aina ya kingamwili), maana kuna ugonjwa wa kinga unaobana mrija ukafanana na saratani, na huo hutulia kwa dawa ya steroidi, prednisoloni.

Kosa kubwa kwenye ugonjwa huu ni kuweka stenti (kijibomba cha kupitisha nyongo palipoziba) kabla ya picha. Ikishaingia, mirija hunywea, kuta huvimba, na CT huwa ngumu kusoma. Inaanza altrasaundi, kisha CT yenye dawa ya mshipa na MRI ya mirija, ndipo nyongo izibuliwe. Homa ya kutetemeka ndiyo hubadili utaratibu: hapo antibiotiki na kuzibua havisubiri foleni ya picha. Na msikubali sindano ya kuchukua kinyama cha uvimbe kupitia tumboni kabla bingwa wa upasuaji wa ini hajaona picha, kwani inaweza kusambaza seli.

Uvimbe wa kwenye njia panda ya mirija hutolewa pamoja na upande mmoja wa ini. Ini litakalobaki likikadiriwa kuwa chini ya asilimia 40, kwa mwenye manjano, mshipa unaolisha upande unaokatwa huzibwa kwanza, ule mwingine ukue kwa wiki kadhaa. Uvimbe wa chini ya mrija hutoka na kichwa cha kongosho. Baada ya upasuaji ni vidonge vya saratani, kapesitabini, miezi 6. Mwenye uvimbe usiokatika hupewa dawa za saratani za mshipa: jemsitabini mg 1,000 na sisplatini mg 25 kwa kila mita ya mraba ya mwili, siku ya 1 na ya 8, mzunguko wa siku 21.

Stenti ya plastiki huziba baada ya miezi 3 hivi. Tarehe ya kuibadilisha ipangwe siku ileile inapowekwa, na homa ikitangulia msisubiri kliniki.