Lori linaloelea kati ya Dodoma na Singida
Ndugu, umeuliza kwa nini lori unaloliiga kwenye kompyuta, likitoka Dodoma kuelekea Singida, huzidi kuelea juu ya ardhi kadiri linavyosonga mbele. Sababu ni kwamba umetandaza bapa moja linaloigusa dunia pale Dodoma, ukalitumia kwa safari nzima. Kwenye kilomita ya 10 uso wa dunia umeshaachana na bapa hilo kwa takriban mita 8, na kwenye kilomita ya 100 pengo linakaribia mita 785, kwa kuwa hukua kwa mraba wa umbali.

Tunza mahali pa lori kwa majiranukta ya X, Y na Z yanayoanzia kitovu cha dunia, kisha katika kila hatua ya hesabu ujenge upya mihimili mitatu ya pale lilipo, yaani mashariki, kaskazini na juu, na uvutano uuelekeze kinyume cha mhimili huo wa juu, si ule wa Dodoma. Tumia namba za biti 64: kwa biti 32, umbali wa kilomita 6,378 kutoka kitovuni hupimwa kwa hatua za nusu mita, na magurudumu yatatetemeka hata urekebishe springi namna gani.

Nakusihi pia uangalie latitudo. Ile ya GPS hufuata mstari ulio wima juu ya uso wa duaradufu, yaani umbo la dunia lililobonyea kidogo kwenye ncha zake, wala mstari huo haupiti kitovuni; ile nyingine hupimwa kwa mstari unaotoka kitovuni moja kwa moja. Ukizichanganya latitudo hizo mbili, hapa kwetu kwenye nyuzi 6 kusini lori litahama zaidi ya kilomita 4.