Kabla hujauza hiyo fremu ya Mwanjelwa

Juzi niliwatumia wenzangu wa mtaani picha ya zamani: wazee wanne kwenye benchi mbele ya duka la baba mdogo, Mwanjelwa, miaka ya tisini, makoti mazito mwilini maana ilikuwa Julai na Mbeya ya Julai mnaijua. Niliandika chini yake kwamba hakuna mahali ninapopakumbuka kama pale. Dogo mmoja akanijibu, na wengi wakamuunga mkono: "Bro, wewe uko Uingereza kwenye masupamaketi, vibanda vya mbao unavililia vya nini? Mimi hapa nina fremu ya duka aliyoniachia marehemu mzee, nataka niiuze nije huko, kuna wakala ameniahidi kazi ya kutunza wazee. Tuambie ukweli."

Mdogo wangu, umeuliza vizuri, na ninakujibu mbele ya wote kwa sababu najua si wewe peke yako.

Vitu huku vipo, hilo sibishi. Hapa Leicester ninapoishi naweza kutoka saa nne usiku nikanunua maziwa, maembe, samaki, hata unga wa sembe kwenye maduka ya Waafrika. Mchele wa Kyela sijauona, lakini mchele upo wa kila aina. Tatizo ni kwamba katika duka ninaloingia karibu kila siku, hakuna anayenijua jina. Unachukua vitu, unavipitisha mwenyewe kwenye mashine, unagusisha kadi, unatoka. Unaweza kumaliza wiki nzima bila kuulizwa na mtu yeyote kwamba umeamkaje.

Kuna majira ya baridi kazi za ghalani zilipungua. Nilikuwa nafanya kupitia wakala, ile tunayoita kubeba boksi, na utaratibu wa kazi za aina hiyo ni kwamba asubuhi unapokea ujumbe: leo hakuna shifti. Kesho tena hakuna. Kodi ya chumba haijui kama hakuna shifti. Siku ile nilisimama kwenye duka kubwa linalong'aa, mkate uko mbele yangu, na kadi yangu haina kitu. Hakuna mtu wa kumwambia "niandikie, nitakulipa Ijumaa." Huku kukopa kupo, tena kwingi, lakini unakopeshwa na benki kwa riba, na ukichelewa jina lako linachafuka kwa miaka. Nikarudi chumbani nikala uji wa chumvi. Kilichonijia kichwani ni daftari la baba mdogo.

Nyie mliozaliwa baada ya 2000 hamkuliona, kwa hiyo niwaeleze. Lilikuwa kaunta buku lenye jalada gumu jekundu, limefungwa kwa uzi kwenye msumari wa kaunta pamoja na peni yake ili isipotee. Hakuandika majina ya ukoo. Aliandika "Mama Tumaini sukari robo", "Fundi redio mafuta ya taa nusu", "Mwalimu wa jirani na kisima, sabuni mche 1". Aliyelipa alipigwa mstari mbele yake, akiangalia. Sukari ilipimwa kwenye mizani ya mawe na kufungwa kwenye gazeti, mafuta ya kula yalipimwa kwa kikopo, na mafuta ya taa yalikaa mbali kule nje kwenye pipa ili yasiharibu harufu ya chumvi. Baba mdogo alikuwa mkali kwa hilo. Ukigusa pipa halafu ukagusa mkate, hukuuziwa.

Halafu benchi. Ubao mmoja mrefu juu ya magogo mawili, hakuna aliyelipia kukaa. Pale ndipo msiba ulipotangazwa kwanza, kabla ya gari la matangazo halijapita. Pale utingo wa malori ya Zambia walitaja nani anahitaji kijana wa kupakia. Mimi kibarua changu cha kwanza, cha kushusha viazi vya Uyole, nilikipata nikiwa nimekaa tu pale nasikiliza wazee wakibishana habari za Tukuyu Stars, timu iliyotoka milimani kwetu ikachukua ubingwa wa Bara 1986 mbele ya Simba na Yanga. Sikuandika barua ya maombi. Mzee mmoja alisema "huyu mtoto wa fulani, mchukueni," ikaisha.

Jirani yake kulikuwa na kibanda cha kurekodi kanda. Ulipeleka kanda tupu na karatasi uliyoorodhesha nyimbo, ukaambiwa rudi Alhamisi. Fundi alikuwa na tabia ya kuongeza wimbo mmoja wa chaguo lake mwishoni pale nafasi ilipobaki, na karibu kila mara wimbo huo ndio uliopendwa kuliko yote. Mbele zaidi kulikuwa na studio ya picha yenye pazia lililochorwa maua na ndege, na mgahawa wa chai ya maziwa na makande. Vibanda vya video sivizungumzii sana, mama zetu walikuwa na sababu ya kuvichukia.

Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa likaungua. Mimi nilikuwa nimeshafika huku. Enzi hizo tulinunua kadi za kukwangua ili kupiga simu nyumbani, na dakika zilikuwa chache, kwa hiyo baba mdogo alisema kwa kifupi: "Tumebaki na nguo za mwilini." Daftari nalo liliungua. Kwa maana nyingine, madeni yote ya mtaa yalikufa usiku ule, na hakuna mahakama ambayo ingeweza kumdai mtu hata senti.

Mambo yaliyofuata nilisimuliwa baadaye, na ndiyo jibu langu kwako, dogo. Watu walianza kuja nyumbani kwake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alikuja na hela amefunga kwenye pindo la kitenge, akasema, "Baba, nilikuwa na sukari kilo mbili na mche wa sabuni." Fundi redio alileta nusu, akaahidi nusu. Wapo waliobadilisha njia wasionane naye, sitaki kusema uongo, lakini waliokuja walikuwa wengi kuliko waliokwepa. Kwa hela hiyo ya madeni yasiyoandikwa popote alianza upya, meza ya sabuni, chumvi na viberiti kule soko la SIDO, Mbeya hapo hapo, ambako wengi wa waliounguliwa walihamia.

Mwaka 2011 SIDO nayo ikaungua. Safari hiyo hakurudi tena. Akaenda Tukuyu kwenye migomba yake. Waliobaki pale wakaunguliwa tena 2017.

Kwa hiyo msinielewe kwamba nataka mbao zirudi. Moto ule ulikula jasho la watu mara tatu, na vibanda vilivyobanana bila njia ya gari la zimamoto vilikuwa sehemu ya tatizo. Soko jipya la ghorofa nilipofika kulitembelea nililifurahia: sakafu safi, maji, vyoo. Nimefurahia pia uwanja wa ndege wa Songwe uliofunguliwa 2012, maana kabla ya hapo kumpeleka mgonjwa Dar kulikuwa kuamka usiku na kukaa kwenye basi mchana kutwa. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi ni haki yetu, tumezika watu wengi kwenye mteremko wa Mlima Iwambi na pale Mbalizi kwa sababu ya malori. Jiji linalokua lazima livunje kitu.

Ninachosema ni kwamba wakati wa kuvunja tunahesabu fremu, hatuhesabu benchi. Mfanyabiashara anapewa namba ya kizimba kipya. Wateja wake wa miaka 20 hawapewi namba. Muuzaji mmoja anapelekwa ghorofani, mwingine kando ya stendi ya Kabwe, mwingine Soweto ya Mbeya hapo hapo, na ule mtandao wa watu waliokuwa wanajuana kwa sauti unakatika siku moja. Nilipokuja likizo nilikaa kwenye ngazi za duka la vioo nikimsubiri binamu yangu, mlinzi akaja, kwa heshima kabisa, akaniambia, "Samahani mzee, hapa hawaruhusu kukaa." Kijana wa watu alikuwa anafanya kazi yake. Ila ilikuwa mara ya kwanza nafukuzwa Mwanjelwa.

Mnaodhani huku mambo haya hayatokei, yanatokea. Woolworths, duka ambalo Waingereza wa rika langu walinunulia pipi zao za utotoni, lilifunga matawi yake yote, zaidi ya 800, kufikia Januari 2009. Nilishuhudia mama wa Kizungu akilia mlangoni. Sikumwelewa wakati ule. Sasa ninamwelewa sana.

Na kuna mtu mmoja hapa lazima niwaambie habari zake. Leicester ina mtaa unaoitwa Belgrave Road, maduka ya sari, dhahabu na peremende za Kihindi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wengi wenye mtaa huo walitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwasihi wasije hapa. Walikuja hivyo hivyo. Siku moja nimeingia kwenye duka la viungo, naongea Kiswahili kwenye simu, mzee wa nyuma ya kaunta akanisubiri nimalize kisha akauliza, "Wewe wa wapi?" Nikasema Mbeya. Akaweka chini kopo alilokuwa ameshika. "Mbeya Uhindini mimi nimezaliwa," akasema.

Baba yake alifika miaka ya thelathini kufuata wachimba dhahabu wa Chunya, enzi ambazo Mbeya ilikuwa mji mchanga uliozaliwa na dhahabu hiyo hiyo ya Lupa. Wakafungua duka la vitambaa, mafundi cherehani wakakaa barazani. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyumba yao ikaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia nyumba hizo, na baada ya miaka michache wakaondoka. Hakunilalamikia. Alitaka kujua tu kama ile baraza bado ipo, na kama mlima Loleza asubuhi bado unavaa ukungu hadi saa tatu. Nikamwambia ukungu upo. Baraza nyingine zipo, nyingine zimezibwa kwa vioo na mageti.

Tangu siku hiyo nikipita pale ananiwekea kiti. Kiti cha plastiki, kando ya magunia ya dengu. Ninakaa, tunapiga soga za Mbeya, wateja wanapita. Mara moja nilisahau pochi, akaandika jina langu kwenye kipande cha karatasi, akakichomeka ukutani. Miaka yote huku sijawahi kufurahi kama siku ile niliyokuwa nadaiwa.

Sasa tuje kwenye fremu yako.

Kama unauza kwa ajili ya kuja, nisikilize hesabu. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara huku kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Ukizidisha kwa shilingi unaona utajiri. Ila hulipwi kwa shilingi wala huishi kwa shilingi: kodi ya chumba, umeme na gesi ya kupasha nyumba joto, nauli na kodi ya serikali vinachukua sehemu kubwa kabla hujagusa chakula, na baada ya hapo simu za nyumbani zinaanza. Wanaofanikiwa wapo, mimi sina njaa leo na nimesomesha. Lakini imechukua mwili wangu, na mazishi mawili nimeyaangalia kwenye simu.

La pili, huyo wakala anayekuahidi kazi ya kutunza wazee. Serikali ya Uingereza ilifunga Julai 2025 njia ya kuajiri wahudumu hao moja kwa moja kutoka nje ya nchi, na tangu Machi 2024 hata waliokuwa wanakuja kwa njia hiyo hawakuruhusiwa kuleta mke wala watoto. Kwa hiyo mtu anayechukua hela yako leo kwa ahadi hiyo anakuibia. Kama ni masomo au kazi ya aina nyingine, chuo au mwajiri lazima awe kwenye orodha ya serikali ya wenye leseni, na orodha hiyo iko wazi mtandaoni, kila mtu anaweza kuisoma.

Fremu ukiiuza haitarudi. Aliyeichukua ataipangisha kwa kilemba, ile hela ya kuingilia, ambacho wewe hutakimudu ukirejea. Kama lazima uondoke, ipangishe, mkataba uandikwe, mama yako ndiye apokee kodi. Kama huna uhakika, ifungue mwenyewe, uweke hata mchele na sabuni, na mbele yake, kama halmashauri inaruhusu na hauzibi njia, weka mahali pa kukaa watu wawili watatu. Wazee wa kwenye ile picha wamebaki wawili. Mmoja anakaa Ilomba na bado anakumbuka nani alikuwa nani mtaa mzima. Mpelekee sukari, mwambie umetumwa na mimi, na akianza kusimulia usimkatize, mrekodi kwenye simu yako kama ataridhia.

Na lile jina la kampuni ya wakala wako nitumie leo. Nikitoka shifti nitalitafuta kwenye orodha na kukujibu kabla sijalala.