Kuvalisha herufi kanga na kitenge: maswali na majibu

Natumia Photoshop. Nimeweka picha ya kitenge juu ya maandishi, imeyafunika yote. Nakosea wapi?

Umebakiza hatua moja tu. Leya ya kitenge ikiwa juu ya leya ya maandishi, shikilia Alt, peleka kishale kwenye mstari unaozitenganisha, bofya. Kitenge kitabaki ndani ya herufi, na maneno bado utaweza kuyahariri. Illustrator ni kinyume: maandishi juu, picha chini, chagua vyote viwili, kisha Ctrl+7.

Neno KARIBU nimelijaza kanga, sasa halisomeki.

Linganisha ukubwa wa nakshi na unene wa herufi. Korosho ya kanga (ile nakshi yenye umbo la korosho) ikiwa na upana wa pikseli 400, na mguu wa K una pikseli 120, utaona vipande vya rangi tu: huku nyeusi, kule nyeupe, na penye nyeupe herufi inapotelea kwenye karatasi. Punguza picha mpaka korosho nzima iingie ndani ya mguu huo, ikiwezekana mara mbili. Chagua fonti nene isiyo na mikia, kama Anton au Impact. Kisutu, kwa nakshi zake ndogo, hukubali upesi kuliko kanga ya maua makubwa. Chukua mji au pindo. Jina la kanga liache, maandishi ndani ya maandishi hugombana. Nyeupe ikiendelea kusumbua, igeuze krimu, au zungushia herufi mstari mwembamba wa rangi iliyokolea kuliko zote kwenye kanga hiyohiyo. Kivuli hapana, kinachafua.

Bango la A3 limetoka na ukungu, ilhali kwenye simu lilikuwa safi.

A3 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) inataka pikseli 3508 kwa 4961. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, ikapoteza pikseli. Itume kama dokumenti.

Nikirudiarudia nakshi, maungio yanaonekana.

Kata kutoka katikati ya ua moja hadi katikati ya ua linalofuata la aina hiyohiyo. Kisha fungua Filter, Other, Offset, uweke nusu ya upana na nusu ya urefu, na uchague Wrap Around. Maungio yatahamia katikati. Yazibe kwa Clone Stamp, zana ya kunakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine, bila kugusa kingo. Michirizi ikibaki, kosa lilianzia kwenye kupiga picha: upande mmoja ulipata mwanga zaidi. Piga kitambaa pasi, kitandaze kivulini, upige upya.