Dada wa Hombolo, kata hiyo ncha

Juzi nimetumiwa picha na dada mmoja wa Hombolo, huku kwetu Dodoma. Mzabibu mmoja, mwembamba kama fimbo ya mchungaji, umepanda kijiti chake, umevuka waya na sasa unapepea hewani bila tawi hata moja la pembeni. Chini ameandika: "Kaka, una miezi mitano tu na umeshanipita kimo. Si ndiyo mafanikio?"

Hapana, dada yangu, bado. Nakwambia kwa upendo, maana picha kama hiyo niliipiga mimi shambani kwangu Mpunguzi mwaka 2020, nikaituma kwa kila ninayemjua.

Nilikuwa nimepanda nusu ekari, mizabibu 600 ya aina ya Makutupora nyekundu, pingili nilizootesha mwenyewe. Mashimo, samadi na nguzo sitasimulia. Anayelima zabibu Dodoma anajua mgongo unavyokuwa. Nataka kusimulia ncha.

Baba yangu mdogo analima zabibu tangu mimi niko shule ya msingi. Alikuja siku moja, akatembea mstari mzima kimya, mikono nyuma, kisha akasema: "Mwanangu, ikifika kwenye waya, kata." Nikamjibu kwamba nimemwagilia kwa ndoo tangu mvua zilipokatika, leo umefika ndiyo niukate? Nilikuwa na diploma, yeye hana, na nilihakikisha analijua hilo. Hakubishana. Nilipokwenda mjini kununua salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, aliingia na mkasi akakata mizabibu 12 ya mwisho, ile iliyo karibu na kichuguu. Niliporudi nilikuta ncha zimelala chini zimenyauka. Nilimfokea mbele ya wanangu. Akaufuta mkasi kwenye suruali, akaenda zake.

Wiki mbili hazikupita, macho mawili, yaani vifundo vinavyotoa chipukizi, yaliyo chini tu ya kila jeraha yakapasuka, moja kushoto, moja kulia. Baadaye nilielewa kwa nini. Ncha ndiyo bwana wa mzabibu: inashusha kichocheo kinachoyalaza macho ya chini. Ukiiondoa, yanaamka. Hakuna mbolea itakayokufanyia kazi hiyo.

Agosti 2021 nikavuna kwa mara ya kwanza. Ile 12 ilijaza kreti mbili na nusu. Mizabibu yangu mingine yote 588, niliyoihurumia, ilinipa kreti 9. Nilikaa juu ya kreti tupu pale kwenye kichuguu mpaka jua likazama. Msimu uliofuata nikakata yote mpaka chini ya waya, nikaanza upya, na mavuno ya msimu ule nikayapoteza. Mwezi wa tatu mwaka huu nimetoa kreti 131 katika nusu ekari ileile. Baba mdogo alikuja kusaidia kuchuma. Hajawahi kunikumbusha habari ya siku ile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa wewe fanya hivi. Acha chipukizi moja lenye nguvu, mengine yaondoe yangali laini. Likivuka waya wa kwanza, ule wa usawa wa kiuno, kata chini kidogo ya waya. Yale machipukizi mawili yatakayotoka chini ya jeraha yatakuwa mikono. Yalaze juu ya waya, moja kila upande. Yalaze mchana, jua likiwa limeshayalegeza. Asubuhi matawi yamejaa maji, yanakatika kwa mlio mmoja mkavu ambao hutausahau. Funga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, usikaze, maana mkono unanenepa na kamba ya katani itazama ndani yake. Mkono ukikutana na wa jirani yake, kata ncha tena. Ndiyo, tena.

Kuanzia hapo kila msimu unapogoa, yaani unakata matawi. Huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo tunapogoa mara mbili, na zabibu inazaa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita. Tawi hilo libakishie macho mawili. Ukibakisha yote utapata kichaka cha kijani ambamo upepo haupiti, na ubwiriunga utakuja kukaa. Usipogoe kwa ajili ya mavuno ya kiangazi kama huna maji ya uhakika. Ukishapogoa utaona jeraha linatoa maji, tone kwa tone, kama machozi. Mara ya kwanza nilikimbilia udongo nikaziba. Usizibe, yataacha yenyewe.

Vijana wenzangu, tunapenda sana urefu. Tunapiga picha shamba likiwa na miezi mitano, tunapongezana, na mzee aliyesimama jua kali miaka 30 akisema neno tunamuona mshamba. Nimeona mashamba ya wasomi yakigeuka malisho ya mbuzi na shamba la jirani asiye na cheti likizaa. Kama una mzee wa aina hiyo karibu, mpe mkasi wewe mwenyewe, ukae pembeni uangalie anapoweka kidole kabla ya kukata.

Dada wa Hombolo, anza kesho na mstari mmoja. Zikipita wiki mbili, nitumie picha ya yale macho mawili.