Filta ya rezista na kapasita haikati, inapunguza

Vijana wanaofunga muziki kwenye shughuli hapa Tanga huniuliza sana swali moja: "Fundi, kapasita nimeweka, mbona mvumo bado upo?" Upo kwa sababu filta (saketi ya kuchuja sauti) ya rezista moja, kifaa cha kukinza umeme, na kapasita moja, kifaa cha kuhifadhi chaji, haikati kitu. Inapunguza, tena taratibu, na kiasi itakachopunguza unaweza kukipata kwa kalamu na karatasi kabla hujachomeka pasi ya kulehemu. Wengi hawapigi hesabu hiyo. Wanabandua kapasita hii, wanaweka ile, wanasikiliza, wanabandua tena, hadi njia za shaba kwenye bodi zinang'oka.

Chukua ile kapasita ndogo ya duara, ya kahawia, iliyoandikwa 104. Maana yake ni 10 na sifuri nne mbele yake: pikofaradi 100,000, yaani nanofaradi 100, au ukipenda mikrofaradi 0.1. Rezista ya kilo-omu 10 itabaki na kilo-omu 10 kwa sauti nene na kwa sauti nyembamba. Kapasita haiko hivyo. Hiyo 104, kwa mvumo wa umeme wa 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde), inakinza kama omu 31,800. Kwa sauti ya 1,000 Hz inakinza omu 1,590. Kwa 10,000 Hz zinabaki omu 159 tu. Masafa, yaani hiyo idadi ya mitetemo, yakipanda mara kumi, ukinzani wake unashuka mara kumi. Hakuna jambo jingine la kukariri kuhusu kapasita kwenye kazi hii.

Sasa ziunganishe hizo mbili. Rezista ikikaa njiani na kapasita ikashuka kwenda ardhi (waya wa pamoja wa saketi), sauti nyembamba zinapata njia rahisi ya kushukia, na nene zinaendelea mbele. Ukizibadilisha nafasi, kapasita njiani na rezista chini, nene zinakwama na nyembamba zinapita. Vifaa ni vile vile.

Mpaka kati ya zinazopita na zinazopungua mafundi tunauita kona. Kitabuni utakuta gawanya 1 kwa mara mbili ya pai, mara R (rezista), mara C (kapasita), na wengi wanaishia hapo kwa sababu ya sifuri za faradi. Mimi nakushauri ukariri namba 159. Andika rezista kwa kilo-omu na kapasita kwa mikrofaradi, zidisha, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Utapata kona kwa Hz. Kilo-omu 10 mara mikrofaradi 0.1 ni 1, kwa hiyo kona ni 159 Hz. Ukiweka 103 (mikrofaradi 0.01) badala ya 104, kona inakwenda 1,590. Hesabu hii naifanya kichwani nikiwa nimesimama kaunta ya duka la vipuri.

Watu wanateleza zaidi kwenye maana ya hiyo kona. Kwa filta ya kuzuia nene, ile ya kapasita njiani, wanadhani chini ya 159 kimya, juu ya 159 sauti. Ni kama kuingia baharini pale Raskazone: huanguki kwenye kina, unatembea na maji yanapanda mguuni kidogo kidogo. Pale kwenye kona yenyewe sauti tayari imeshapungua, imebaki asilimia 70 ya volti zake, ambayo ni nusu ya nguvu. Kwa filta yetu ya kuzuia nene, sauti ya 1,000 Hz inapita karibu yote, asilimia 98 na ushee. Mvumo wa 50 Hz unabaki asilimia 30. Asilimia 30 ya mvumo mkubwa bado ni mvumo, na mgeni aliyekaa karibu na spika atausikia. Ukienda mbali na kona upande unaopunguzwa, kila masafa yakishuka kwa nusu, volti nazo zinashuka kwa karibu nusu. Wataalamu husema desibeli 6 kwa oktavu. Mteremko huo haubadiliki hata ununue kapasita ya bei gani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mvumo utafute unakotoka. Mara nyingi ni waya wa ardhi uliokatika ndani ya jeki, au kebo ya maiki iliyolazwa sambamba na waya wa umeme. Filta haitibu kebo mbovu.

Ila kuna kazi inaifanya vizuri sana, na sisi wa pwani tunaihitaji: upepo. Shughuli ikiwa wazi karibu na maji, kusi likipuliza, maiki inanguruma hata mshereheshaji hajafungua mdomo. Sehemu kubwa ya ngurumo hiyo iko kwenye masafa ya chini. Kwanza vika maiki sponji, kwa sababu upepo ukishapiga kiwambo kwa nguvu, hakuna saketi itakayosahihisha. Baada ya sponji, weka filta ya kuzuia nene ya 159 Hz kati ya mikisa na amplifaya, ndani ya kikopo cha bati kilichoungwa na ardhi, na swichi ndogo ya kuiruka. Swichi ni ya lazima. Tanga ni mji wa taarab, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na watu wanajua besi ikipungua. Akiongea mtu, filta iwe kazini. Ukipigwa muziki, iruke.

Usivutike kuipandisha kona hadi 500 eti upepo uishe kabisa. Sauti ya mwanamume inaanzia kati ya 85 na 180 Hz hivi, na ukinyofoa chini yote utamsikia shehe kama yuko kwenye simu. Simu za zamani zilipitisha takriban 300 hadi 3,400 Hz, na sote tunakumbuka zilivyosikika.

Jambo la pili ndilo linalonifanya niandike leo, maana sioni likisemwa: kifaa unachochomeka mbele ya filta ni sehemu ya filta. Ukiingiza saketi yako kwenye amplifaya ambayo mdomo wake una ukinzani wa kilo-omu 10, zile kilo-omu 10 zinakaa sambamba na rezista yako ya 10. Zinakuwa 5. Kona inaruka kutoka 159 hadi 318 Hz, na wewe unalaumu kapasita. Kwenye filta ya kuzuia nyembamba hasara ni mbili: kona inapanda maradufu, na hata sauti inayopaswa kupita inabaki nusu. Kanuni ya karakana ni kwamba kifaa cha mbele kiwe na ukinzani mara kumi au zaidi ya rezista ya filta. Amplifaya ya kilo-omu 100 itasogeza kona hadi 175 tu, na hakuna sikio litakalotambua. Ikiwa ni ya 10, tumia rezista ya kilo-omu 1 na kapasita ya mikrofaradi 1. Kona ni ile ile, lakini saketi haiyumbi.

Hili linawapata pia wanaounganisha filta mbili zinazofanana ili mteremko uwe mkali. Unategemea kwenye kona ibaki nusu ya volti (0.7 mara 0.7), unapata theluthi, kwa sababu ya pili inainyonya ya kwanza. Fanya rezista ya pili iwe mara kumi ya ile ya kwanza, na kapasita yake iwe moja ya kumi.

Kwenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, rezista huioni kwa sababu ni twita yenyewe. Omu 8 na kapasita ya mikrofaradi 4.7 zinatoa kona ya kama 4,200 Hz. Kwa 1,000 Hz nguvu inayofika kwenye twita ni asilimia 5 hivi, ndiyo maana koili haiungui. Tumia kapasita isiyo na chanya na hasi. Ile ya kawaida ya elektroliti yenye mstari wa hasi haijatengenezewa umeme unaogeuka, na joto letu linaikausha mapema.

Kupima hakuhitaji osiloskopu, ile mashine ya kuonyesha wimbi la umeme. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, ingiza toni kwenye filta kwa waya wa hedifoni, pima volti za AC kabla na baada. Toni ambapo ya baada ni 0.7 ya ile ya kabla ndiyo kona. Mita iwe na kipimo cha chini cha AC, volti 2 hivi, maana zile ndogo za njano zinaanzia 200 na hazitaona kitu. Nyingi za bei nafuu zinadanganya zikipita 400 Hz, lakini ukigawanya vipimo viwili vya toni moja, uongo huo unajifuta kwa sehemu kubwa.

Ukikuta 145 au 175 badala ya 159, acha ilivyo. Rezista yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kupishana asilimia 5, na kapasita nyingi za kawaida asilimia 10 hadi 20. Kwa upepo haina neno. Kwa twita ya kushoto na ya kulia, nunua kapasita nne, pima zote, uchague mbili zinazokaribiana.