Familia ya Kigoma kwenye meli ya kitalii: mambo ya kutarajia katika safari ya kwanza

Siku hizi si ajabu mzee wa Mwanga au mama wa Ujiji kupigiwa simu na mwanawe anayeishi Ulaya au Marekani na kuambiwa kwamba mwaka huu ndugu watakutana kwenye meli ya kitalii, na kwamba tiketi zimekwisha kulipiwa. Kwetu ilikuwa hivyo: shemeji yangu na mumewe walitualika katika safari ya Bahari ya Mediterania inayoanzia Barcelona, sisi na watoto pamoja na mama mkwe. Tangu turudi, majirani wanaosubiri safari kama hiyo wananiuliza maswali mengi, nami naona majibu yangu yote yanarudi kwenye jambo moja. Sisi wa Kigoma si wageni wa meli. Tunakwenda huko tukiwa na mazoea ya meli za ziwani, ambayo baadhi yatakufaa sana na mengine itakubidi uyaache gatini.

Aliyewahi kusafiri na MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwenda Mpulungu, Zambia, anajua kwamba kazi ya meli ni kumfikisha mtu aendako. Ulikuwa unapanda na chakula chako na mkeka wako, na unalala jicho moja likiwa kwenye mzigo, kwa sababu vijiji vingi vya mwambao wa kusini havikuwa na gati, na mitumbwi ilikuja ubavuni mwa meli hata usiku wa manane kushusha na kupandisha abiria pamoja na magunia ya dagaa. Meli ya kitalii haimpeleki mtu popote. Inazunguka bandari kadhaa kisha inamrudisha pale alipopandia, na chakula, malazi na michezo ya watoto vimo ndani ya nauli. Jambo lililomfurahisha sana mama mkwe ni kwamba kiwanda cha Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani, kilichoiunda Liemba mwaka 1913 ikiwa na jina la Graf von Götzen, kikaifungua vipande vipande na kuileta hadi Kigoma ndani ya makasha, ndicho ambacho hadi leo kinaunda baadhi ya meli kubwa za kitalii. Tofauti ni ukubwa: Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, ilhali meli hizi zinaweza kupita mita 300. Kwa mzee mwenye magoti mabovu hilo si jambo dogo, kwa hiyo ombeni mapema chumba kilicho karibu na lifti.

Kabla ya yote hayo kuna makaratasi, na hapo ndipo safari nyingi hukwamia. Meli inayozunguka Hispania, Ufaransa na Italia inahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ambayo maombi yake hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na, kwa kawaida, si chini ya siku 15. Msingoje siku hizo 15. Viza hiyo inadai bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, na tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, wakati walio chini ya hapo hawalipi. Soma ratiba ya meli mstari kwa mstari: ikiwa kuna bandari hata moja iliyo nje ya eneo la Schengen, meli ikitoka humo na kurudi utahesabiwa kuwa umeingia mara ya pili, na viza ya kuingia mara moja haitatosha. Mtoto anayesafiri na shangazi au na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri. Pia kampuni nyingi hazimpokei mama ambaye ujauzito wake utakuwa umefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha, wala mtoto mchanga wa chini ya miezi sita. Mambo haya yaulizwe kabla tiketi hazijalipiwa.

Fikeni kwenye mji wa bandari siku moja kabla. Kutoka Kigoma mtaunganisha safari zaidi ya moja kabla ya kufika Ulaya, na kila kiungo kina uwezo wake wa kuchelewa, ilhali meli haimsubiri abiria aliyekwama uwanja wa ndege wa nchi nyingine.

Kuhusu mizigo, zoea la kwanza la kuacha ni lile la kubeba kila kitu. Pasi na birika la umeme havipiti, mishumaa na ubani vivyo hivyo, kwa sababu moto ndio hatari inayoogopwa kuliko zote melini. Chakula kilichopikwa nyumbani hakiruhusiwi kupandishwa, na nyama na maziwa kutoka kwetu havipaswi hata kuingia Umoja wa Ulaya. Zoea la pili ni kutoutoa mzigo machoni. Gatini mabegi yenu yatafungwa vitambulisho vyenye namba ya chumba na kuchukuliwa na wapagazi, nanyi mtayaona tena mlangoni mwa chumba, pengine baada ya saa kadhaa. Mama mkwe hakutaka kabisa kuliachia begi lake, na mimi sikumlaumu, maana amekulia mahali ambapo mzigo ulioachwa una mwenyewe mwingine. Basi wekeni katika begi dogo la mkononi pasipoti, dawa za wazee, nguo za kuogelea za watoto na chochote mtakachohitaji hadi usiku.

Mkishapanda, kila mtu hupewa kadi. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pochi, na ndiyo kitambulisho cha kushukia na kupandia. Mlinzi akiigusisha kwenye mashine, picha ya mwenye kadi inatokea kwenye kioo. Watoto wavishwe za kwao shingoni.

Kisha linafuata jambo ambalo abiria wengi wa huko hulifanya shingo upande, na ambalo Mtanzania hana sababu ya kulidharau: zoezi la dharura. Kila chumba kina mahali pake pa kukusanyikia, na king'ora chenye milio saba mifupi na mmoja mrefu kinamaanisha kwamba wote mwende hapo. Sheria za kimataifa za usalama wa abiria melini zilianza kuandikwa mwaka 1914, baada ya Titanic kuzama mwaka 1912. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na miongoni mwa waliokuwamo walikuwapo abiria waliopanda siku hiyo hiyo bila kufanya zoezi lolote. Ndiyo maana sasa zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Taifa lililopoteza watu wake katika MV Bukoba mwaka 1996 halihitaji kufundishwa kwa nini. Hapa mazoea ya ziwani ni mtaji: ulizeni majaketi okozi ya watoto yako wapi, wavisheni mwone kama yanawatosha, na tembeeni kwa miguu kutoka chumbani hadi mahali penu pa kukusanyikia, kwa ngazi, kwa kuwa lifti hazitumiki wakati wa hatari.

Vyumba ni vidogo kuliko picha zinavyoonyesha. Kitanda cha mtoto hushushwa kutoka darini au ukutani jioni na kupandishwa asubuhi, na choo ni cha kuingia mtu mmoja akiwa amejikunja kidogo. Kuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha, na vyenye roshani. Cha ndani ni cha bei nafuu, lakini mwanga ukizimwa hujui kama ni usiku au mchana. Upangaji wa vyumba uzungumzwe mapema na kwa uwazi, kwani mwenyeji aliyezoea maisha ya Ulaya anaweza kumweka mama mkwe chumba kimoja na mkwewe na wajukuu ili kuokoa fedha, bila kukumbuka kwamba kwetu hilo halifanyiki. Ombeni vyumba vinavyopakana. Kwa sababu iyo hiyo, mama aende bwawani muda wake na sisi muda wetu, na heshima ikabaki mahali pake.

Kuta za vyumba kwa kawaida ni za chuma, kwa hiyo sumaku chache za kubandikia ratiba zinafaa sana. Korido zote zinafanana, na mtoto akitoka peke yake atapotea. Wafundisheni namba ya sitaha kwanza, kisha ya chumba. Kwenye baadhi ya meli zulia la korido limechorwa samaki ambao wote wanaelekea omo, yaani mbele ya meli, na watoto hulishika hilo upesi kuliko sisi.

Mawimbi hayatawasumbua kama ya kusi kwenye Ziwa Tanganyika, kwa kuwa meli ni kubwa na ina mapezi ya kupunguza kuyumba. Hata hivyo anayejua kwamba hutapika achukue chumba cha sitaha za chini katikati ya meli, na ameze dawa kabla hajaanza kuugua. Tangawizi nayo inasaidia wengine.

Chakula ni kingi mno, na ndicho kinachowachanganya wageni. Hakuna anayekuja kukupakulia, hakuna anayekuzuia kurudi, na hakuna ugali. Wali upo, samaki wapo, kuku wapo. Vyakula vingi huwa na kibao chenye jina, lakini nyama ya nguruwe hujificha kwenye supu, soseji na hata maharage, kwa hiyo Mwislamu asione haya kumuuliza mhudumu, na maombi ya chakula cha halali yapelekwe kwa kampuni wiki kadhaa kabla ya safari. Maji na chai kwa kawaida ni bure, soda na juisi za baa si bure. Na kabla ya kula nawa mikono kwa maji na sabuni. Ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoletwa na kirusi cha noro husambaa haraka melini, na vitakasa mikono vya kileo havikiui vizuri. Sisi tuliolelewa na kibuyu chirizi na matangazo ya kipindupindu tunalijua somo hili zamani.

Suala la kibla lilituchukua muda. Mama mkwe aliwahi kutandika msala kuelekea upande sahihi kwa dira ya simu, lakini meli ikawa inageuka kuingia bandarini, na alipotoa salamu mnara wa taa uliokuwa kushoto kwake ulikuwa umehamia nyuma. Alicheka sana. Msafiri chomboni huelekea kibla anapoanza na kujitahidi kadiri awezavyo. Wenye maswali zaidi wamuulize shekhe wao kabla ya kuondoka.

Watoto wana vilabu vyao vinavyogawanywa kwa umri, vingi vikianzia miaka mitatu kwa mtoto aliyeacha nepi, na mzazi hutia saini ya kumwacha na kumchukua. Mwenye nepi, hata zile za kuogelea, mara nyingi haruhusiwi kwenye mabwawa ya kawaida. Maonyesho ya jioni sitayasemea mengi, maana mengine ni mazuri na mengine ni kelele.

Bandarini ndipo akili inatakiwa. Kwanza, jina la mji kwenye ratiba si lazima liwe mahali meli inapotia nanga. “Roma” maana yake ni Civitavecchia, na kutoka hapo ni takriban saa moja kwa treni. “Florence” maana yake ni Livorno. Mkiwa na mzee na watoto wadogo, si lazima kuifukuzia Roma. Kushuka, kutembea ufukweni, kunywa kahawa na kurudi kula chakula mlicholipia tayari ni siku nzuri pia. Pili, saa ya mwisho ya kurudi melini huwa nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka, nayo huandikwa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Ukitembezwa na ziara iliyoandaliwa na meli na ikachelewa, wao hubeba jukumu la kukurudisha. Ukitoka kivyako ukachelewa, utaisindikiza meli kwa macho na nauli ya kuifuata ni yako. Shukeni na nakala za pasipoti na namba ya simu ya wakala wa bandari, ambayo huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku.

Simu ziwekwe katika hali ya ndege muda wote meli ikiwa baharini, kwani mtandao wa melini unaopita kwenye setilaiti hutoza gharama kubwa bila kuuliza. Anayetaka WhatsApp anunue kifurushi cha meli, na familia ikubaliane nani anunue.

Mwalikwa asidhani kwamba tiketi imemaliza kila kitu. Kampuni nyingi hukata bakshishi ya wahudumu kwa kila mtu kwa kila siku, mara nyingi hata kwa mtoto, na kadi ya chumba inapokea soda, picha na michezo ya mashine bila mtu kuona noti ikitoka. Muulizeni mwenyeji wenu, kwa heshima lakini bila kuzunguka, yeye analipa nini na ninyi mnalipa nini, kisha ombeni mapokezi wafunge uwezo wa kununua kwenye kadi za watoto. Tazameni hesabu yenu kila baada ya siku mbili, kwani kosa la jana ni rahisi kulirekebisha kuliko la juma zima.

Usiku wa mwisho mabegi huwekwa nje ya mlango na kuchukuliwa mkiwa mmelala. Acheni ndani nguo za kuvaa asubuhi na viatu, kwani kila safari hakosekani abiria anayeteremka na suruali ya kulalia. Chumba hutakiwa kiachwe mapema, foleni ya kushuka ni ndefu, na uhamiaji nao una foleni yake, kwa hiyo ndege ya kurudi isikatiwe tiketi ya kabla ya saa saba mchana.