Maswali yenu: uzito wa sekta ya magari katika uchumi

Mtetezi wa viwanda vya kuunganisha magari amesema redioni kila shilingi ya mauzo yao huzaa zaidi ya shilingi sita nchini. Ni kweli? (Msomaji, Thika)

Uliza kwanza vipuri vinatoka wapi. Tuseme, kwa mfano tu, katika kila shilingi 100 za gari, 60 zinakwenda nje kununua vipande vyake, 25 zinabaki kwa wauzaji wa hapa, na 15 ni mishahara, faida na kodi. Ikiwa wauzaji hao nao wana mgawanyo huohuo, duru zote za manunuzi zikijumlishwa tunapata kama shilingi 133, yaani kizidishi (mara ambazo shilingi moja ya mauzo huzaa mauzo nchini) ni 1.33. Ukihesabu vipande vya nje kana kwamba vimetengenezwa Kenya, unafika 667. Shilingi sita hupatikana hivyo. Na hata 133 ni mauzo, si thamani iliyoongezwa, yaani mishahara, faida na kodi; usithubutu kuyalinganisha na pato la taifa, maana mauzo huhesabu bati lilelile mara kadhaa.

Nani alibuni majedwali ya hesabu hii, yanayoonyesha kila sekta inanunua nini kwa nyingine?

Wassily Leontief. Alichapisha la Marekani mwaka 1936, akapata Nobel 1973.

Mafundi wa gereji za Grogan, Nairobi, wamo ndani ya sekta ya kutengeneza magari?

Hawamo. Katika uainishaji wa kimataifa, toleo la nne, kutengeneza magari ni kundi la 29, kuyauza na kuyakarabati ni la 45, na matatu ziko kwenye usafiri. Anayekuja na takwimu za "sekta ya magari" akutajie makundi aliyojumlisha. Asipoyataja, usimchapishe.

Kiwanda kikifungwa, si tunazidisha tu mauzo yake kwa kizidishi tupate hasara?

Hapana. Jedwali hudhani uwiano wa manunuzi haubadiliki na aliyeachishwa kazi hapati nyingine. Australia, Ford ilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, Toyota na Holden zikafuata Oktoba 2017. Watu waliendelea kununua magari, ya nje, kwa hiyo wauzaji na gereji walibaki na kazi. Pigo kubwa liliwapata waliokuwa wakiviuzia viwanda vipuri. Hao ndio wa kuhesabiwa, mmoja mmoja, kwa majina ya bidhaa zao.

Basi kizidishi kikubwa hakitoshi kuombea msamaha wa kodi?

Hakitoshi. Kodi hiyo ingejenga barabara au kulipa walimu, na matumizi hayo yana kizidishi chake. Wizara ituwekee vizidishi vyote viwili mezani kabla ya kusaini.